Sanduku la Bati, Joho Begini: Jinsi ya Kusafiri na Vifaa vya Mazingaombwe hadi Sherehe ya Watoto

Mara ya kwanza nilipoitwa kufanya mazingaombwe kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto, nilivalia kila kitu nyumbani Nyalenda: joho jeusi lenye bitana nyekundu, kofia ndefu, glavu nyeupe. Nikapanda tuktuk hadi Migosi. Getini tukaanza kubishana na dereva juu ya chenji ya shilingi hamsini, jua la Kisumu likiwaka, jasho likinijaa hadi vidoleni ndani ya glavu. Sikujua kwamba mwenye sherehe, binti wa miaka sita, alikuwa ametuchungulia muda wote kwenye upenyo wa geti. Nusu saa baadaye, nilipochomoa sarafu nyuma ya sikio lake, aliwageukia wenzake akauliza, "Si angemlipa yule mtu wa tuktuk na hiyo?"

Watu wazima walicheka kuliko watoto. Mimi nilimaliza kazi, nikalipwa, nikarudi nyumbani nikijua kosa langu halikuwa mikononi bali barabarani. Tangu hapo njiani mimi ni abiria kama abiria mwingine. Mazingaombwe yanaanzia mita ishirini za mwisho. Haya yafuatayo ni jinsi ninavyofanya, kwa mtu asiye na gari lake.

Hatua ya kwanza: iulize nyumba kabla ya kupanga sanduku

Piga simu siku mbili kabla. Usitume ujumbe, maana ujumbe hujibiwa "sawa" na hapo hujajua lolote. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Habari yako, mama. Ni mimi wa mazingaombwe ya Jumamosi. Naomba kukuuliza mambo machache ya njia."

"Njia ni nzuri tu, bwana. Ukifika uliza mtu yeyote."

Usikubali jibu hilo. "Njia ni nzuri" kwa upande wetu inaweza kuwa lami hadi mlangoni, na inaweza kuwa kwamba gari moja dogo la Probox lilipita hapo mwezi wa Januari. Uliza lami inaishia wapi na kutoka hapo ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu. Ukielekea Ahero na uwanda wa Kano, uliza kama mvua imenyesha wiki hii, kwa sababu ule udongo mweusi ukilowa hushika kiatu na kubaki nacho. Mimi huenda huko na gambuti, viatu vya kazi viko ndani ya sanduku.

Kisha uliza mambo manne mengine. Nitabadilishia nguo wapi pasipoonekana na watoto? Kuna mbwa? Watoto wana umri gani? Na je, kuna mzee nyumbani ambaye mambo haya yanaweza kumkwaza? Swali hilo la mwisho nitalirudia chini.

Nauli iwe tofauti na malipo ya kazi, na itumwe kwa M-Pesa kabla hujatoka nyumbani. Hili si la kuona haya. Mtu aliyekutumia nauli huamka siku hiyo akikungoja. Ambaye hajatuma anaweza kuahirisha sherehe na akasahau kukwambia.

Hatua ya pili: nunua sanduku la shule

Wanaoanza hununua suti kesi nyeusi yenye magurudumu kwa sababu inapendeza. Magurudumu hayo yataishi hadi barabara ya kwanza ya murramu. Nakushauri ununue sanduku la bati, lile ambalo kila mtoto wa bweni nchini ameburuta. Mafundi wa jua kali wanalitengeneza, na utalipata sokoni Kibuye au popote wanapogonga bati. Usilinunue Januari shule zinapofunguliwa, maana bei hupanda.

Uzuri wake ni mwingi. Makanga analijua, haulizi ni nini, na mkono wake unajua pa kulisukuma. Halibonyei kirahisi gunia la mahindi likiwekwa juu yake. Lina kufuli. Ukilisimamisha na kulitandika leso, ni meza. Zaidi ya yote, halivutii macho, na kitu kisichovutia macho ni rafiki wa mtu wa kazi yetu.

Kwa hivyo usilipake nyota nje. Mimi langu nje ni la kijivu, limechubuka, lina namba ya zamani ya bweni. Nyota na mwezi nimezichora *ndani* ya kifuniko. Linapofunguliwa mbele ya watoto, ule mguno wao ni wa bure, sijafanya lolote bado.

Ndani, tandika sponji ya godoro kuukuu chini na pembeni, kisha kata kadibodi ngumu za kutenganisha vyumba. Bati lina ubaya mmoja, joto. Likikaa juani saa nzima, ndani yake mshumaa hulegea na karata hujikunja. Sponji husaidia kidogo. Kivuli husaidia zaidi.

Kumbuka pia kwamba tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo imepigwa marufuku Kenya, na faini yake si ya kuchezea. Usije ukafungia vitambaa vyako kwenye juala uliloliweka miaka yote. Cha kukinga mvua kiwe kipande cha turubai.

Hatua ya tatu: kupanga

Cha mwisho kutumika kinaingia kwanza, cha kwanza kutumika kinakaa juu. Hiyo ndiyo kanuni, lakini ina kasoro, kwa sababu uzito nao unataka yake. Pete zangu kubwa za chuma ni za mwisho na ni nzito, kwa hivyo zinakaa chini bila ugomvi. Vikombe vitatu vya shaba ni vya kwanza na ni vizito vilevile. Nikiviweka juu, vitatwanga kila kilicho chini yake kuanzia Kiboswa hadi Chavakali, njia ya Kakamega. Vikombe sasa nabeba kwenye begi la mgongoni.

Pete zifunge kwenye leso, moja moja, ukiizungusha leso kati yake. Si kwa sababu ya mikwaruzo tu. Pete zikigongana ndani ya sanduku, watoto watasikia chuma kabla hujaingia, na yule mjanja mmoja (kila sherehe ina mmoja) atajua unachokuja nacho.

Karata zibaki kwenye pakiti yake, katikati ya vibao viwili vigumu. Usizifunge kwa raba, raba huzibonyeza kingo na hewa ya ziwa humalizia kuzipinda. Kofia ndefu ijaze vitambaa vya hariri ndani ili isibonyee; hapo umeokoa nafasi mara mbili. Fimbo ifunge kwenye kifuniko kwa utepe.

Sasa kuna jambo wengi hukosea: kutega vifaa nyumbani. Tunataka tufike tayari, kwa hivyo tunakunja kila kitu mahali pake pa siri, tunabana springi, tunafunga. Nilifanya hivyo nikielekea Kakamega. Nikafungua sanduku kidogo kutafuta maji, shada la maua la springi likaruka likatua mapajani mwa mama aliyebeba mtoto. Mtoto alifurahi. Mama yake hakufurahi, na safari ilikuwa bado ndefu. Tega vifaa mahali utakapobadilishia nguo. Nyumbani tega vile tu vyenye kifungo kinachojishika chenyewe.

Kwenye kifuniko bandika orodha ya kila kitu kwa idadi. Si "mipira" bali "mipira myekundu 4". Utaishukuru jioni.

Hatua ya nne: vya kuacha nyumbani

Sungura. Najua, kila mzazi anauliza sungura. Lakini sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hulitolea zaidi masikioni, na mchana wa Kisumu unaokaribia nyuzi 30, ndani ya boksi, ndani ya matatu iliyofunga madirisha kwa sababu mtu mmoja ana mafua, unaweza kumuua. Kama huna gari lenye hewa, huna sungura. Tumia wa kitambaa.

Moto. Zile karatasi zinazowaka puu na kupotea hazipandi gari la abiria, wala petroli ya kiberiti. Hakuna mzaha hapo.

Maputo yaliyojazwa. Kwa maputo nina fizikia ya kukusimulia. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kericho imepita mita 2,000. Kadiri unavyopanda ndivyo msukumo wa hewa ya nje unavyopungua, na hewa uliyoifungia ndani ya puto inatanuka. Puto ulilolijaza hadi likakaza ukiwa Kisumu linaweza kupasuka kabla hujaona mashamba ya chai vizuri. Na abiria wa matatu akisikia mlio ule, hafikirii baluni. Anafikiria tairi. Beba maputo yakiwa tupu, pamoja na pampu ya mkono, ujaze huko huko. Yale marefu ya kusokota wanyama yakae mbali na jua, mpira wake huchakaa upesi.

Mavazi ya askari na bastola za kuchezea pia acha. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo bila idhini ni kosa nchini, na bastola ya plastiki kwenye kizuizi cha barabarani haionekani kuwa ya plastiki mpaka umechelewa.

Hatua ya tano: gari

Kwa matatu, fika stejini mapema uingie gari ambalo halijajaa, uzungumze na makanga kabla sanduku halijainuliwa. "Boss, hili lina vitu vya kuvunjika, naomba likae chini ya kiti cha nyuma, siyo keria." Lipia nafasi yake bila kubishana sana. Juu ya keria kuna jua, kuna mvua, na kuna kuku wa mtu. Wakati wa shule kufunguliwa, safiri siku iliyotangulia au alfajiri, maana kila buti litakuwa limejaa masanduku yanayofanana na lako. Ndiyo maana langu lina utepe wa manjano kwenye mpini.

Probox za vijijini ni nafuu, lakini wewe utakalia nusu ya kiti na sanduku litakaliwa na mtu. Kama safari ni fupi, vumilia. Kama ni ndefu, subiri gari jingine.

Tuktuk ndiyo gari letu hasa mjini. Sanduku linakaa miguuni, wewe unakaa kando yake, mvua ikija kuna pazia. Jumapili tu epuka njia inayopita Kibuye, soko linajaa hadi barabarani na unaweza kukaa pale ukiwaangalia watu wakichagua mitumba huku sherehe ikianza. Lakini ukweli ni kwamba sherehe haitaanza. Kadi ikisema saa nane, watoto watajaa saa kumi. Tatizo ni kwamba mvua ya mchana nayo hupenda saa hizo hizo, hasa upande wa Kakamega. Mimi hufika saa nane na nusu, mkavu, nikakaa.

Boda boda ni habari nyingine. Chukua mbili. Sanduku lifungwe kwenye keria ya boda ya kwanza kwa mipira ya tyubu, mbili za kukatiza na moja ya urefu, na wewe upande ya pili ukiifuata nyuma ukiliona. Sheria inataka abiria mmoja tu na kofia ngumu, na mtu aliyekumbatia sanduku la bati kwenye boda ni nusu abiria, nusu ajali. Joho usilivae kamwe kwenye pikipiki, hata kwa dakika mbili, hata kwa picha. Kitambaa kirefu kikishikwa na cheni au gurudumu la nyuma, humvuta mtu shingoni.

Hatua ya sita: jina la kazi yako

Mtu atakuuliza una nini humo. Jibu lako liwe fupi na liwe la kweli: "Vifaa vya kuchezesha watoto." Usiseme uchawi. Wala usiseme hivyo kwa mzaha, hasa ukiwa Kisii au kijijini jioni. Mwaka wa 2008 wazee walichomwa moto huko Kisii kwa neno hilo hilo. Na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyopo tangu 1925, inamshika anayejidai kuwa na nguvu hizo kwa namna ya kuwatia watu hofu, kuwaudhi au kuwadhuru. Sisi hatumtii mtu hofu. Lakini mzaha hausomwi sawa na kila msikilizaji.

Ndiyo sababu ya lile swali la simu kuhusu wazee. Ukikuta nyumbani kuna dani au kukhu (ndivyo Waluo na Waluhya wanavyomwita bibi) ameketi barazani, nenda kwake kwanza, ukiwa bado na nguo zako za kawaida. Msalimie, mwambie jina lako na kwenu, mwombe ruhusa ya kuwachezesha wajukuu. Mwonyeshe kikombe kimoja na mpira mmoja, mpe vyote avishike. Nimeona bibi aliyekuwa amekunja uso akageuka akawa ndiye anayepiga makofi kuliko wote. Nimeona pia mmoja aliyekataa kabisa, na siku hiyo nilisokota maputo tu, nikalipwa vilevile.

Kwenye kizuizi cha polisi, fungua sanduku wewe mwenyewe, polepole, na umweleze afisa kila kitu. Akiomba umwonyeshe kidogo, mwonyeshe karata. Mimi siku moja kwa haraka nilichomoa noti ya shilingi mia nikaikunja ikapotea mkononi. Afisa akanitazama kwa muda, akasema, "Hiyo hata mimi naijua." Gari zima lilicheka, na tukapita.

Hatua ya saba: kuvaa

Omba chumba chenye mlango unaofungwa. Bafu linatosha. Kama hakuna, nyumba ya jirani ni bora kuliko zote, kwa sababu hapo utaingia kutoka nje kama mgeni kamili. Geti la Milimani lenye askari pia linafaa: mweleze mzee wa geti, atakupa kibanda chake na atakulindia watoto wasichungulie. Mpe soda.

Safari nzima mimi nimevaa suruali nyeusi ya kazi na fulana, joho likiwa begini. Nikifika nafuta jasho kwa taulo, navaa shati jeupe lililokuwa limekunjwa juu kabisa sandukuni, fulana iliyolowa naiweka kando. Hapo ndipo vifaa vinategwa, kwa mpangilio wa orodha ya kwenye kifuniko, simu ikiwa imezimwa. Joho ni la mwisho, kisha glavu. Glavu zikivaliwa mapema, vumbi la mpini wa sanduku ndilo litakuwa rangi yake.

Uso usiupake rangi nzito watoto wakiwa chini ya miaka minne. Wengi huogopa uso usioonekana, na mtoto mmoja akianza kulia hulia kwa niaba ya wote. Nguo za rangi zinatosha, acha macho na mdomo wako wa kila siku waone.

Hatua ya nane: mita ishirini

Mwombe mama au shangazi mmoja awakalishe watoto chini kwanza, wakiangalia upande usikotokea. Sanduku litangulie, libebwe na mtu wa nyumbani, liwekwe mbele yao likiwa limefungwa kufuli. Liache hapo dakika mbili. Watoto watalizunguka kwa macho, watabishana lina nini, mmoja atasema nyoka. Wewe bado uko nje unasikiliza, na tayari umejua majina mawili matatu ya kutumia.

Kisha ingia ukitembea polepole. Usikimbie, joho hujikunja miguuni. Ufunguo uwe mkononi mwako, na uupoteze kabla hujafika sandukuni.

Hatua ya tisa: kurudi

Fungasha mbali na watoto, ukihesabu kwa orodha. Mpira mmoja mwekundu utakuwa mfukoni mwa mtu. Uliza kwa upole, "Nani aliniwekea mpira wangu?" na utarudi. Ukiuliza "Nani ameiba?" hautarudi.

Vua kila kitu kabla ya kutoka. Jua huku huzama mapema kabla ya saa moja, na mtu wa joho jeusi anayetembea kando ya njia ya kijiji gizani ataitwa jajuok, yaani mchawi kwa Kiluo, kabla hajaitwa jina lake. Fulana kavu, kofia ngumu, sanduku la kijivu, boda mbili.

Nyumbani, usiku huo huo, toa vitambaa vyote uvitandaze vikauke, la sivyo kufikia Jumatano vitanuka ukungu. Joho nalo likilowa, lianike ndani ya nyumba. Langu niliwahi kuliacha kwenye kamba ya nje usiku mmoja wenye upepo wa ziwa, na jirani yangu hadi leo hupita upande wa pili wa ua.